Vigelegele kwa Mama Suni

Tulipotoka kumzika Zuhura, mwezi wa pili mwaka huu, tulirudi nyumbani kwake Eagan, hapa Minnesota, kula pilau. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake tukajazana jikoni na kwenye ngazi, na viatu vya watu wote vilitapakaa mlangoni vikichuruzika maji ya theluji. Binti yake Mariam, aliyezaliwa huku na ambaye anasikia Kiswahili chote lakini hajibu hata neno, alikuja akakaa karibu yangu, sahani magotini, akaniuliza, "Auntie, how did you and Mom become friends, for real?" Nikamwambia tulikuwa tunakula pamoja. Akacheka kidogo, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Kulikuwa na mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ambao mimi na mama yake tulikula pamoja karibu kila siku, na ndani ya mwaka huohuo alinifanyia jambo lililokaa kooni mwangu kama mwiba wa samaki. Hilo sikumwambia. Mtoto aliyetoka kumzika mama yake haelezwi mambo ya mama yake akiwa na pilau mkononi.

Tulikuwa tumepanga mtaa wa Frogtown, juu ya chumba cha mzee mmoja wa Kihmong, mkimbizi kutoka Asia, aliyeshona nguo. Cherehani yake tuliisikia sakafuni kutwa, na ilipokuwa haisikiki tulijua ni Jumapili. Bomba la joto liligonga ukutani lilivyotaka lenyewe. Zulia lilinuka paka wa mpangaji aliyetutangulia, na kila wiki Zuhura alilimwagia siki akisema kwao Tanga hata banda la kuku halinuki hivi. Kona ya dirishani ilikuwa ya mswala wake, juu ya televisheni mbovu ilikuwa Biblia yangu, na katikati ilikaa simu, kwenye stuli, kama mgeni wa heshima. Yeye alikuwa ametangulia kufika Marekani, alishaacha chuo na alikuwa akisafisha vyumba katika nyumba ya kulelea wazee. Mimi nilisoma asubuhi, na mchana nilikwenda kwenye nyumba hiyohiyo kufua na kukunja mashuka. Huko ndiko alikonisikia nikiongea peke yangu kwa Kiswahili, nikilitukana shuka la mpira lisilokunjika, akaweka ufagio chini akanikumbatia kabla hajajua hata jina langu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwanza alikumbatia, maswali baadaye.

Ule mgahawa wa Kikorea aliugundua yeye. Ulikuwa pale pale University Avenue, umebanwa kati ya duka la matairi na kinyozi, na bei zake zilikuwa za watu kama sisi. Siku moja tulikuwa tukipita, shingo tumezikunja kwa baridi, Zuhura akasimama ghafla dirishani. "Edna! Wallahi wale wanakula dagaa!" Nikamwambia baridi imempanda kichwani. Lakini walikuwa dagaa kweli, wadogo, wamekaangwa na sukari kidogo na pilipili, kwenye kisahani. Tukaingia. Na kumbe dagaa hukuwa unawaagiza, walikuja wenyewe, pamoja na visahani vingine vya mchicha, vya maharage yaliyochipua, vya kabichi iliyochachuka kwa pilipili, na kisahani kikiisha kinajazwa tena bila kuombwa. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa mkate na mayai, pale palikuwa karamu. Vijiti vya kulia vilikuwa vya chuma na vilitushinda, tukapewa vijiko, na Zuhura siku nyingine alimaliza wali kwa mkono wala hakuna aliyegeuza shingo.

Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mikono iliyobabuka kwa pilipili. Binti yake, msichana mkubwa wa kumaliza shule aliyehudumia meza huku amenuna, aliitwa Sun-hi, sisi tukamfanya Suni, na mama yake kwa hiyo akawa Mama Suni. Tulipomweleza hakushangaa hata kidogo. Suni alituambia kuwa kwao pia mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Mama Suni alikuwa na dada yake aliyempigia simu kila mchana wakagombana, na Zuhura, ambaye hakujua Kikorea hata cha kuombea maji, alinitafsiria ugomvi wote kwa sauti ya chini: "Anasema, wewe ndiye uliyechukua sufuria ya mama, usinidanganye, nimeambiwa na jirani." Nilicheka mpaka supu ikanipalia. Kabla ya kuagiza Zuhura aliuliza habari ya nguruwe kila siku ya Mungu, na kila siku Mama Suni alipandisha sauti: "Yesterday no pork! Today no pork! Tomorrow also no pork!" Nikiwaza furaha niliyoipata Amerika ujanani mwangu, yote ilikuwa kwenye meza ile.

Na wakati huohuo mama yangu alikuwa anaumwa. Alikuwa na uvimbe tumboni, kule Iringa, na kila Jumapili nilimpigia kaka yangu Elia dukani kwa jirani mwenye simu, naye alinijibu "anaendelea vizuri" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mara mbili hivi mama mwenyewe aliletwa kwenye simu. Hakuzungumza ugonjwa. Aliuliza kama huku kuna wali, na kama baridi inaingia ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na tiketi yangu ya kurudia, bado inafaa, nimeilaza chini ya godoro. Tatizo ni kwamba karatasi zangu za uanafunzi zilikuwa zimeingia kasoro, na kila aliyejua mambo hayo aliniambia nikitoka sirudi. Niliwajibu wote sawa, Elia, Zuhura, na Oduor rafiki yetu: mama akizidiwa niambieni, nitakwenda, hizo karatasi zitajijua. Kama ni kumuuguza nitamuuguza, na kama ni kumzika nitamzika kwa mikono yangu. Nilisema wazi, nikasema tena. Sikuomba kingine chochote mwaka ule.

Oduor alikuwa Mjaluo wa Kisumu, kijana mrefu aliyehudumia wagonjwa na kumiliki gari ambalo lilikuwa na kila kitu isipokuwa joto. Mwanzoni mwa Februari alianza kuja kwetu mara kwa mara bila sababu. "Edna, leo nitaku-drop job," aliniambia. "Usi-take bus, hii baridi si mchezo." Alikuwa hajawahi kunipeleka popote bila kulalamika mafuta. Akishanishusha, yeye na Zuhura walibaki ndani ya gari, injini inanguruma, vioo vimejaa ukungu, wanaongea. Nyumbani Zuhura alibadilika. Alifua nguo zangu, hata za ndani. Alipika chapati siku ya kazi. Simu ilikatika, akasema kampuni imetukatia na atashughulikia, kisha nikaona waya wake umechomolewa ukutani nikadhani ni yeye kaupiga teke wakati wa kufagia, nikautia tena, na niliporudi jioni ulikuwa umechomolewa tena. Kwa Mama Suni hakutafsiri tena ugomvi. Alinisukumia visahani upande wangu, akasema kula, Edna, kula, mwenzangu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyaona mawingu nikaenda kuanika nguo.

Maana nilikuwa nimeshajua siri yao, au ndivyo nilivyoamini. Hawa wawili wanapendana. Mwislamu wa Tanga na Mkatoliki wa Kisumu, watawaambia nini wazazi? Nikaanza kumchokoza. "Zuhura, nikuulize. Huyu Mjaluo atasilimu, au wewe ndiye utakayebatizwa?" Macho yakamjaa machozi palepale, akanigeuzia mgongo. "Edna, jamani, acha maneno yako." Nikasema moyoni, kweli mapenzi yamemshika. Nilitoka Iringa nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeshawahi kukaa kwenye kikao cha namna ya kumpa mtu taarifa ya msiba, nikaona anavyozungukwa kwanza, anavyolishwa kwanza, anavyofichwa mpaka watu wake wa karibu wawe wamefika, maana kwetu taarifa ya kifo haitupwi kwa mtu mwenye njaa aliye peke yake. Mtu yeyote wa kwetu angeyasoma yale. Lakini nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba mauti ya kwetu yatanifikia kwa simu, kutoka mbali, na kwamba hapa Frogtown sisi ni vijana tu, hatuna wakubwa wa kukaa vikao.

Ijumaa Zuhura akaniambia, bila kunitazama, "Kesho mchana twende kwa Mama Suni. Kuna watu watakuja. Chukua na khanga." Nilishangilia kimoyomoyo. Nikatoa khanga yangu mpya, nyekundu na manjano, niliyokuwa naihifadhi. Asubuhi alitangulia, akasema anakwenda kusaidia kupanga meza. Oduor alinifuata baadaye. Njiani sikunyamaza hata kidogo, nilimwita shemeji, nikamuuliza kama mahari ya Mjaluo aliye Minnesota ni ng'ombe au ni gari hili bovu. Alikaza macho barabarani. "Edna, wee… aki," alisema, akabadilisha gia. Nilimwambia bwana harusi haogopi.

Mlango wa Mama Suni ulikuwa na pazia zito la plastiki la kuzuia upepo. Nililisukuma, nikaona meza zote zimeunganishwa na watu wetu wamejaa: Baba Neema na Mama Neema wametoka Eden Prairie, wasichana wa Eagan, Wakenya wa kanisani, wanawake wote wamejifunga khanga. Ilikuwa ndiyo harusi niliyoiwaza. Nikaifungua khanga yangu nikaipunga juu, nikapiga vigelegele. Vya nguvu, vya kwetu, vya kutoka tumboni. Mtu akipiga vigelegele kwetu hupokelewa, hata asiyejua harusi ni ya nani hupokea. Havikupokelewa. Vilizunguka mle ndani, vikafika kwenye sufuria za Mama Suni, vikafa. Baba mmoja alikohoa. Mama Neema alitazama kikombe chake cha chai. Nikadhani ni haya, kwamba wameshikwa na mambo ya dini mbili, nikapiga tena ili niwachangamshe.

Zuhura alinishika mkono akanikalisha. "Kaa ule kwanza," alisema. Mama Suni aliniletea mwenyewe bakuli, hakumtuma Suni. Ilikuwa supu nyekundu ya nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi, na majani, na vitunguu virefu, sikuwahi kuiona pale hata siku moja. Ilikuwa tamu ajabu. Nilikula huku nikiwachokoza watu kulia na kushoto, nao walijibu "ndiyo," "ehe," na kuangalia sahani zao. Nikaomba nyingine. Mama Suni akaniongeza, na akasimama hapo hapo nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza. Televisheni, ambayo haikuzimwa kamwe, ilikuwa imezimwa.

Baba Neema ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Hakuwa mzee kweli, alikuwa mtu wa ofisini, mwenye tai, lakini kwa kuwa hapakuwa na mwingine ilimlazimu awe mzee. Akasogeza kiti. "Edna, mwanangu, umeshiba?"

"Nimeshiba, Baba Neema. Sasa semeni, tusikie habari njema."

Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake. "Mama ametutoka."

Nikamtazama Mama Neema, ambaye alikuwa amekaa palepale, mzima, anafuta macho. "Mama yupi?" niliuliza. Kila mwanamke mle ndani alikuwa mama wa fulani. Nikamtazama Mama Suni. Nilimzunguka kila mmoja kwa macho nikitafuta ni nani aliyepungua, na hakuna aliyekuwa amepungua, na ndipo nilipoelewa. "Lini?" nikasema. Nikamgeukia Zuhura. "Lini, Zuhura?"

"Wiki iliyopita," alisema. "Ameshazikwa, Edna. Wamezika jana."

Nilimpiga kofi. Hakuinua mkono kujikinga. Ile supu yote ikarudi, juu ya khanga yangu, juu ya visahani, na baada ya hapo nakumbuka sakafu tu, vigae vyake vya rangi ya maziwa, na magoti ya wanawake waliokuwa wamenizunguka. Nilipiga kelele za msiba palepale nilipokuwa nimepiga vigelegele, na wenzangu waliokuwa wamezizuia zao tangu asubuhi wakaziachia pamoja nami. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, Mama Suni akamfukuza, akafunga kwa ufunguo. Hakunikumbatia wala hakunibembeleza. Alichukua kitambaa na maji ya moto akapiga magoti, akasafisha nilichotapika. Tulipokuwa tunaondoka alimpa Zuhura kopo la supu iliyobaki, na Suni, kwa ule uso wake wa kununa, akaniambia, "My mom says that's what we cook for funerals. Your friend told her. She made it special." Alikusudia kunifariji. Mimi nilisikia jambo moja tu: hata Mkorea alijua msiba wangu kabla yangu. Mama yangu alikuwa amekufa, na walioujua msiba wake walikuwa wapishi, na madereva, na wasichana wa Eagan, na mimi nilikuwa nimeomba kuongezewa.

Elia nilimpata kwenye simu siku iliyofuata. Alisema mama mwenyewe ndiye aliyekataza. Alipoona hali inakwenda kombo aliwaambia, msimwite Edna, akija hatarudi kule, atakuja kukaa hapa kunilindia kaburi. "Yeye alisema hivyo," Elia alirudia.

"Na mimi nilisema nini, Elia?"

Nilisikia dukani kwa jirani mtu anaomba chumvi. Elia alikuwa analia, na mimi nilikata simu. Nilikwenda kwenye godoro nikaitoa ile tiketi. Nilikaa nayo mpaka cherehani ya chini ikanyamaza. Ningeweza bado kusafiri. Ningefika nikaoneshwa tuta la udongo na watu wangeniambia pole, kisha ningekuwa nimepoteza na huku pia, kwa ajili ya tuta. Mama alikuwa amenishinda. Nilimkasirikia, na nilikuwa sina pa kuipeleka hasira hiyo, basi nikaipeleka kwa Zuhura aliyekuwa chumba cha pili.

Sikumsemesha mpaka theluji ilipoyeyuka. Tulipishana jikoni kama wapangaji wasiojuana. Yeye aliendelea kupika na kuniachia sahani imefunikwa, mimi niliendelea kuimwaga. Siku moja alinisimamia mlangoni nikivaa viatu. "Nisikilize halafu uende," alisema. "Kaka yako alinipigia asubuhi nikiwa peke yangu. Mimi ndiye niliyepokea. Nilitaka kukuambia siku ileile, wallahi nilitaka. Ukarudi kazini una njaa, unacheka, ukala. Nikasema, basi nimwache ale leo, kesho nitamwambia. Kesho yake ukala tena." Aliushika mlango. "Kila siku ulikuwa unakula, Edna. Ningekunyang'anya vipi?" Nilimaliza kufunga viatu nikatoka. Leo nikifikiria siku zile anazozihesabu kama zawadi aliyonipa, bado sijui kama zilikuwa zawadi au wizi. Naweza kusema zote mbili, lakini moyo haukubali kugawanya.

Nilihama mwezi wa sita. Karatasi zangu zilinyooka baadaye, nikasoma, nikafanya kazi za maabara mpaka nywele zikageuka. Kifua kikapoa, kama vinavyopoa vitu vyote visivyotiwa kuni. Nilikwenda kwenye harusi yake, akaolewa na mtu wa Pangani, si Oduor, Oduor hakuwa na habari naye hata siku moja. Nilimbeba Mariam akiwa na siku chache. Tukawa mashoga tena, tena sana, ila habari ile hatukuigusa. Mgahawa ulishafungwa, pale sasa wanatengeneza simu. Na mpaka leo mtu akinialika chakula bila kunieleza sababu, namuuliza kwanza nani kafa. Watu hucheka.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Zuhura akiwa hospitalini na figo zimekataa kabisa, mama yake mzazi alifariki Tanga, na kaka yake Hamisi akapiga simu. Mariam alinisubiri kwenye lifti. "Auntie, Uncle Hamisi… he says don't tell her. Please. Not you either." Nilimwambia mama yake ana haki ya kujua. Nilisema kwa ukali, na nilikuwa na sababu zangu kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nilitembea ukumbi mzima nikiwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia mimi. Nitamwambia mara moja, kwa heshima, kama mtu mzima anavyoambiwa.

Zuhura alikuwa ameinuliwa mgongo kwa mito, amekonda, ushungi umemlegea. Uji ulikuwa mezani umeota ngozi. Nikaukoroga. "Wageni wamekuwa wengi wiki hii," alisema. "Mama Neema, mpaka na wale wa Eagan. Na kila anayekuja ananiambia nile." Nikazidi kukoroga. Akayageuza macho kwangu, yale makubwa yake. "Edna. Tanga wazima?"

Maneno niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, tayari. "Wazima," nilisema. "Mama anakusalimu sana."

Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikaona haya, lakini sikuyaondoa macho yangu. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. "Basi nipe huo uji," alisema. Akala wote, yeye aliyekuwa hajamaliza hata nusu kikombe tangu alazwe, akala kijiko baada ya kijiko bila kupumzika mpaka bakuli likawa jeupe. Nilipomfuta mdomo alinishika mkono akabaki ameushika. Habari za Tanga hakuniuliza tena.